Blogu ya Mkuu

Jumatatu, 3 Machi

Mkuu anataka blogu. Ametangaza mezani, kijiko mkononi, kama mtu anayetangaza vita. Huyu ni mume wa mdogo wangu. Alikuwa mkuu wa utumishi, akastaafu mwaka ulipoanza, na kazini walimzoesha hilo jina hadi akasahau la mama yake. Sasa hana wa kumwita ofisini na kumkalisha, kwa hiyo amegundua kwamba dunia inamhitaji.

"Vijana wamepotea, shemeji. Hawana dira."

Jina ameshalipata: Dira ya Mafanikio. Mimi ndiye wa kuiendesha. Kuchapa, kunyoosha lugha, "na yale mambo yako ya vituo". Maisha yangu yote ya kuhariri gazeti, kumbe nilikuwa naweka vituo.

Ningekataa. Lakini chumba hiki cha uani ninacholala ni chake, na tangu gazeti letu lifungwe sina pengine pa kwenda. Nikasema ni wazo zuri. Mdogo wangu akainamia sahani kuficha kicheko.

Jikoni, akijiandaa kwenda zamu — yeye ni muuguzi, wodi ya wazazi — akaninong'oneza habari. Kuna hospitali mji mwingine inatafuta msimamizi wa wauguzi. Ameomba. Mkuu hajui. Kazi inakuja na nyumba.

"Nikipata, dada, tunakwenda wote wawili. Sirudi hapa."

Hakusema kwa hasira. Alikuwa anafunga vifungo vya sare huku anasema. Watoto wao wameshaondoka, kila mmoja ana kwake, na nyumba imebaki na sauti moja tu, ya mtu anayemsalimia mkewe kama anapokea ripoti. Nimeosha vyombo vyote leo bila kununa. Hata kikombe chake.

Jumamosi, 8 Machi

Nimepelekwa darasani. Mkuu amesoma tangazo: mafunzo ya blogu, kila Jumamosi, ghorofani juu ya duka la dawa. Amelipa yeye, naenda mimi. Huo ndio uongozi.

Mwalimu ni kijana wa viatu vyeupe anayetaka tumwite Kocha. Kila sentensi ya pili ina neno "thamani". Toa thamani. Ongeza thamani. Mbele yangu mama mmoja mwenye blogu ya harusi, magari, ngozi na maombi, vyote humo humo, anashangaa kwa nini wasomaji hawarudi. Nyuma yangu jamaa ameuliza namna ya kunakili makala za watu bila kukamatwa. Kocha akamjibu kwa upole. Mimi ningemfukuza na kiti chake.

Na mafundisho yenyewe! Chagua jambo moja, ushikamane nalo. Andikia mtu mmoja, umwone uso, usiandikie umma. Kichwa cha habari kisiahidi ambacho makala haina. Chapisha siku ileile kila wiki, msomaji akuzoee. Piga picha zako mwenyewe. Jibu kila anayekuandikia. Usinunue wafuasi, ni kama kukodi watu wa kulia msibani. Kila kitu hicho tulikijua chumba cha habari kabla huyu mtoto hajaota meno. Tofauti ni kwamba sisi hatukukiuza pamoja na chai na cheti.

Sentensi moja nimeiandika, kwa sababu kalamu ilikuwa mkononi: andika kitu ambacho wewe tu ndiye unakijua.

Jumanne, 11 Machi

Makala ya kwanza imetoka. "Nguzo za Uongozi Bora." Ameitamka akitembea sebuleni, mikono nyuma, akisubiri nimalize kila neno. Nguzo ya kwanza ni nidhamu. Ya pili ni nidhamu ya hali ya juu. Nikamwuliza kama hizo si kitu kimoja. Akanitazama kwa huruma.

Picha: amevaa suti, amekunja mikono, nyuma yake pazia. Anafanana na mtu anayesubiri kupimwa macho.

Waliosoma ni mimi, mdogo wangu niliyemwomba, na Mkuu mwenyewe. Ameifungua kwenye simu, akaifungua kwenye kompyuta, akaona hesabu inapanda, akafurahi. "Unaona? Wanakuja." Mstaafu mwenzake mmoja ameacha maoni: Hongera Mkuu, wewe ni hazina. Kilemba cha ukoka, naye amekivaa hadi mezani.

Jumapili, 16 Machi

Makala nyingine imekufa. "Siri za Mafanikio." Siri kweli, maana hakuna aliyeiona.

Mkuu amelaumu mtandao. Kisha amelaumu vijana. Kisha akaniuliza kama vituo vyangu ni vya kisasa. Nikamwambia Kocha anasema mtu aandike anachokijua yeye peke yake.

"Mimi najua uongozi."

Anachokijua hasa nakiona kila asubuhi nikifagia uani. Ananyoa ndevu. Anavaa shati, anafunga tai. Anakaa kiti cha sebuleni kinachotazama mlango na gazeti mapajani, amelinyoosha kama faili. Anakaa hivyo. Hakuna anayeingia. Jua likishapanda anavua tai, anaikunja vizuri, anairudisha kabatini. Kesho yake tena.

Mdogo wangu ameitwa kwenye usaili. Amemwambia Mkuu ni semina. Mkuu hakuuliza semina ya nini.

Alhamisi, 20 Machi

Nimeiandika. Yote, kwa kinywa chake. "Tai ya Asubuhi." Mimi niliyekuwa nawasainia watu, sasa nimejifungia tai na kukaa na kutazama mlango. Nikaongeza vya kwangu. Kwamba siku moja simu ililia, ikawa ni mtu amekosea namba, nami nikamzuia kwa maneno, nikamwuliza hali ya hewa huko aliko, ili asikate. Nilikuwa nacheka peke yangu nikichapa. Niliandika kwa sumu. Nilitaka aisome, ajione, anyamaze angalau wiki moja.

Nikampelekea. Alikuwa anakata kucha. Akatazama juu ya ukurasa.

"Tai. Nzuri hiyo. Mavazi ni sehemu ya uongozi. Weka."

Hakusoma. Mwanaume ameweka jina lake juu ya kitu ambacho hakukisoma. Haya. Nimeweka.

Jumamosi, 22 Machi

Siamini. Imesambaa. Watu wametumiana, waliotumiwa wamewatumia wengine, na maoni yanaingia mengi kuliko niwezavyo kusoma. Mhasibu mstaafu anasema bado anaamka na kutafuta funguo za ofisi. Mwalimu mkuu mmoja anakiri kwamba hupita nje ya uzio wa shule yake wakati wa mstari wa asubuhi, anajifanya ananunua vocha. Mwanamke mmoja ameandika: mume wangu alikufa na tai shingoni, laiti ningejua.

Nilimtukana mtu, wao wamembariki.

Darasani Kocha ameirusha ukutani, sentensi zangu zote, kubwa kama milango. "Hiki ndicho nimekuwa nikisema. Huyu mzee amevua nguo mbele ya msomaji mmoja." Yule mama wa harusi na magari alikuwa anafuta macho. Nami nimekaa pale kama mwizi aliyealikwa kwenye sherehe ya mwenye mali.

Na kijana wa viatu vyeupe alikuwa sahihi. Hilo ndilo linaniuma. Niliandika nikimwona mtu mmoja usoni.

Nyumbani Mkuu alikuwa ameshaisoma, akianzia kwenye maoni. Nikajiandaa kwa kelele. Mezani akasafisha koo, akasema, "Watu wameguswa sana na nilivyoandika."

Nilivyoandika. Nikaomba chumvi.

Jumapili, 6 Aprili

Sasa ni kila Alhamisi. Nimeandika ya mtu asiyejua bei ya nyanya kwa sababu maisha yote nyanya zilikuja zenyewe. Ya mtu aliyekariri majina ya wafanyakazi wote lakini hajui wanawe wanapenda kula nini. Zote zimesomwa. Asubuhi najibu maoni kwa jina lake, "ndugu yangu" huku, "mzee mwenzangu" kule. Wanaume wazima wananimwagia mioyo yao wakidhani mimi nina ndevu.

Mkuu kichwa kimemvimba. Kinyozi amekataa pesa yake. Jirani amemwomba ushauri kuhusu mwanawe, na yeye akatoa, zile nguzo, jirani akaondoka akiwa amechanganyikiwa. Leo namsikia anamwambia mtu kwenye simu: "Mimi naandika kwa urahisi tu. Inakuja yenyewe."

Inakuja yenyewe! Inakuja kutoka uani, ikiwa na kandambili.

Mdogo wangu anasema wodini wauguzi wanasomeana wakati wa chai. Tulikuwa tunaanika nguo, akauliza bila kunitazama:

"Wewe unaweka vituo tu, eti dada?"

"Vituo. Na hapa na pale neno."

Nikacheka. Yeye hakucheka. Alikuwa ameshika kibanio na ameganda, kisha akabana shati la Mkuu, akalinyoosha kola.

Alhamisi, 10 Aprili

Leo imetoka "Ufunguo".

Mke anarudi kutoka zamu, asubuhi. Mume anasikia ufunguo ukizunguka mlangoni. Yuko macho, amekuwa macho kitambo, akimsubiri. Lakini anageukia ukuta na kuvuta pumzi kama aliyelala, kwa sababu hajui mwanaume anamwambia nini mwanamke aliyekesha akipokea watoto wa watu. Naye mke anavua viatu pale mlangoni asimwamshe. Anavinyanyua kwa vidole viwili, kwa visigino. Anapita pekupeku mbele ya mtu aliye macho. Wawili wanatunziana usingizi ambao haupo.

Nimeiandika kwa mkao mmoja. Sijawahi kuandika kitu kizuri hivi, na juu yake kuna jina la yule boga, Mkuu.

Kuhusu mume nilikuwa nadharau tu: mtu mwoga hata kusalimia. Lakini yule mke si wa kubuni. Nimemwona mara nyingi kupitia dirisha langu, amebeba viatu vyake, amechoka hadi mgongo umepinda, anatembea nyumbani kwake kama mgeni. Nilitaka mtu amwone. Ndiyo sababu.

Jumamosi, 12 Aprili

Mkuu amekuja hadi mlangoni kwangu. Hajawahi. Akasimama pale nje, hajui mikono aiweke wapi.

"Shemeji. Ulijuaje?"

"Nilijua nini?"

"Kwamba huwa sijalala."

Nilikuwa nakunja nguo. Nikaendelea kukunja. Nikasema nilikisia tu. Akatikisa kichwa taratibu, kama mtu anayesomewa majibu ya vipimo.

"Usimwambie."

"Ameshasoma, shemeji. Watu wote wamesoma."

"Ndiyo. Lakini amesoma kwenye blogu."

Akaenda zake. Nimekasirika, sijui niseme kwa nani. Nilimtengenezea mtu moyo ili nimcheke, kumbe alikuwa nao, ameuficha siku zote kama bahili. Miaka yote hiyo! Alikuwa macho, anamsikia mke anatembea pekupeku, ananyamaza. Nilimpenda zaidi nilipomdhani mkavu kama ubao. Ubao haumkosei mtu.

Jumamosi, 19 Aprili

Kazi amepata. Wamempigia, msimamizi wa wauguzi, aanze mwezi ujao. Nilimkumbatia nikamnyanyua. Nimeshatoa sanduku juu ya kabati, nimeweka kamusi zangu chini kabisa na nguo juu.

Yeye hajatoa la kwake.

Nikamwuliza tunaondoka lini. Akasema wamempa mpaka Ijumaa ya wiki ijayo kujibu. Kujibu nini, nikauliza, si uliomba mwenyewe? Akakaa kitandani kwangu, akashika kifuniko cha sanduku akakifungua, akakifunga.

"Jana niliingia na viatu, dada. Nilitembea navyo ukumbini, kwa makusudi. Ko, ko, ko. Akaamka. Akasema 'umerudi'. Akaenda jikoni akanitengenezea chai."

"Chai."

"Haikuwa na sukari. Majani yalikuwa yanaelea. Nimeinywa yote." Akafungua kifuniko tena. "Nimeishi na mtu nisiyemjua. Kama aliweza kuandika vile, basi yumo ndani. Nimwache sasa, ndiyo kwanza anatoka?"

Chai ya majani yanayoelea. Kwa hiyo ndiyo bei. Mtu anamnyamazia mkewe maisha mazima, halafu anachemsha maji, na mwanamke mwenye akili zake anataka kukataa cheo na nyumba. Nimemdharau Mkuu, nimemdharau mdogo wangu pia, na kuhusu mwandishi wa ile makala sitasema.

Ukweli sikumwambia. Nilisema atafakari.

Alhamisi, 24 Aprili

Siku ya kuchapisha, na sikuandika. Nilimwambia Mkuu kichwa kinaniuma. Akasema hakuna shida, ataandika mwenyewe, na kwa mara ya kwanza akakaa kwenye kompyuta kuandika.

Anachapa kwa vidole viwili, anatafuta kila herufi kana kwamba imemkimbia. Nikakaa nyuma yake nikimenya viazi. Mwanzo ukawa: "Leo napenda kuzungumzia umuhimu wa mke katika familia na taifa kwa ujumla." Nikavuta pumzi. Angalau mambo yamerudi mahali pake.

Akaendelea. Akafuta. Akakaa muda mrefu, mikono mapajani. Kisha akachapa hivi, bila kituo hata kimoja:

mke wangu akirudi ananuka dawa mimi nikisikia ile harufu najua nyumba imetimia

Niliacha kumenya. Sina cha kurekebisha pale. Ningekaa na kalamu mwaka mzima nisingeipata ile sentensi, kwa sababu sijawahi kulala nyumba ile nikimngoja.

Na yeye akaitazama, akasema, "Haina hadhi," akaifuta. Herufi moja moja, kwa kidole kilekile.

"Andika wewe, shemeji. Wewe unajua ninachotaka kusema."

Nilitaka kumpiga kwa kiazi. Moyo anao. Kilichobaki ni mtu wa kuubeba, na mzigo huo ananikabidhi mimi, au mkewe, au yeyote anayepita. Sikuandika. Blogu leo imekaa tupu, na wasomaji wameanza kuuliza kama mzee ni mgonjwa.

Ijumaa, 25 Aprili

Naandika haraka.

Ni alasiri. Hospitali ya kule inangoja jibu leo kabla ofisi hazijafungwa. Mdogo wangu yuko mapumziko. Alikuja chumbani kwangu na simu mkononi, akafunga mlango nyuma yake, akabaki amesimama.

"Dada, nakuuliza mara moja. Yale maneno ni yake au ni yako?"

Nikasema yapi. Akasema nisimfanye mtoto.

"Viatu. Kuvishika kwa vidole viwili, kwa visigino. Hivyo ndivyo nilivyokuwa nafanya tukiwa wasichana, tukichelewa, mama amelala. Ndani ya nyumba hii navibeba kwapani. Yeye hawezi kujua vidole viwili. Anayejua ni mtu mmoja."

Mhariri mzima, nimenaswa kwa visigino. Nikafungua mdomo, akaninyanyulia mkono.

"Usinijibu sasa hivi, utanipambia maneno. Nakujua. Naenda kuoga. Nikitoka utaniambia, halafu nitapiga simu hii hapa, mbele yako."

Amekwenda, mlango ameuacha wazi. Maji yanamwagika. Sanduku langu liko wazi kitandani, nimekaa pembeni yake.

Nikisema ni yangu, ni kweli tupu. Nimeyaandika mimi, kila neno. Atapiga simu, tutaondoka, atakuwa na cheo chake, nitakuwa na chumba ambacho si cha uani. Ndicho nilichotaka tangu mwanzo. Wala sitakuwa nimedanganya.

Ila atakwenda akiamini kwamba mtu yule alikuwa amelala. Miaka yote. Na hakuwa amelala.

Nikisema ni yake, nimedanganya, na atabaki. Atabaki na mtu anayefuta sentensi yake bora kwa sababu haina hadhi. Nani atamsemea wiki ijayo? Mimi tena, kutoka uani, hadi nife? Nikisema yote mawili, ni yangu lakini yeye alikuwa macho, na nilimwona akiandika na kufuta — ataniamini? Ndicho hasa kitu ambacho mwandishi mzuri angebuni.

Mkuu ameniita kutoka sebuleni. "Shemeji, ya wiki hii vipi? Watu wananiuliza." Sikujibu. Hajui chochote kuhusu simu, wala hospitali, wala sanduku. Nimesikia kiti chake kikisogea. Anatembea ukumbini. Nikadhani anakuja kwangu.

Amesimama mlangoni pa bafuni. Amegonga, polepole.

"Mama," amesema. Halafu: "Taulo lako lilikuwa limebaki kwenye kamba. Nimekuwekea hapa nje. Lina joto la jua bado."

Maji yamefungwa.

"Asante," mdogo wangu amesema.

Hayo sikuyaandika mimi.

Mlango wa bafuni umefunguka. Anakuja huku.